Safari ya pwani: Kununua kifurushi au kujipangia mwenyewe?

PAMBA ikishauzwa, mpunga ukishaingia ghalani na vikundi vya kuweka na kukopa vikishagawana hisa, mazungumzo ya vijiweni Kahama, Shinyanga na Geita hubadilika. Yupo anayezungumzia bati za nyumba, yupo wa pikipiki, na siku hizi wapo wanaozungumzia kwenda Zanzibar kuiona bahari. Wengine ni wakulima wa kikundi kimoja, wengine ni wenye maduka ya vifaa vya wachimbaji wadogo, wengine ni mama lishe waliochangishana mwaka mzima.

Safari hiyo si anasa ya kuonewa aibu. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kupumzika, na mfanyabiashara anayetembea huona soko ambalo wa nyumbani halioni. Tatizo ni kwamba wengi hupiga hesabu ya nauli ya kwenda, wakasahau hesabu ya kurudi. Hapo ndipo fedha za msimu hupotea.

Swali kubwa linalowakabili wakifika pwani ni moja. Je, wanunue safari nzima iliyopangwa na kampuni, yaani gari, boti, chakula na mwongozaji kwa bei moja, au washuke wenyewe ufukweni, wakodi boti, wavae miwani ya maji na mrija wa kupumulia, na kutazama samaki na matumbawe kwa gharama ndogo?

Somo kutoka meli za kitalii

Swali hili ni la zamani kwa abiria wa meli kubwa za kitalii, zile zinazopita bandari za Afrika Mashariki zikiwamo Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Meli ikitia nanga, abiria hupewa saa chache tu za kutembea. Kampuni ya meli huwauzia matembezi yake, na bei yake kwa kawaida huwa juu. Nje ya lango la bandari wapo wenyeji wenye teksi na boti, nao huuza matembezi yaleyale kwa bei nafuu.

Kwa nini basi abiria wengi hununua ya bei kubwa? Jibu ni saa. Matembezi yaliyouzwa na meli yakichelewa, kwa kawaida meli huwasubiri abiria wake au kampuni hubeba gharama za kuwafikisha bandari inayofuata. Aliyejipangia mwenyewe akichelewa, meli huondoka.

Machi 2024, dunia ilishuhudia jambo hilo katika kisiwa cha São Tomé, upande wa magharibi wa Afrika. Abiria 8 wa meli ya Norwegian Dawn walitoka kwa matembezi ambayo hayakuuzwa na meli, wakachelewa kurudi. Walipelekwa kwa boti hadi ilipo meli, ikiwa bado imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Iliwabidi kuvuka nchi kadhaa wakiifuata meli hiyo, hadi walipoikuta Dakar, Senegal. Walichookoa kwenye bei ya matembezi kilikuwa kidogo sana mbele ya yaliyowakuta.

Kwa lugha ya uchumi, bei ya kifurushi ina sehemu tatu: gharama halisi ya safari, faida ya muuzaji, na malipo ya kubebewa hatari ya kuchelewa. Mnunuzi mwerevu hulipia sehemu ya tatu pale tu anapohakikisha kwamba muuzaji kweli ameibeba hatari hiyo.

Nani ameshika saa?

Hapa ndipo wasafiri wa bara hukosea. Kampuni ya meli ya kitalii inauza matembezi na wakati huohuo ndiyo yenye meli. Ikitaka kusubiri, itasubiri. Mtu anayeuza matembezi mjini Unguja au ufukweni Nungwi hana mamlaka juu ya boti ya kurudi Dar es Salaam, wala juu ya basi la kwenda Shinyanga. Boti zile huondoka kwa ratiba, na abiria hutakiwa kufika mapema kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi.

Kwa hiyo kifurushi cha matembezi kinachouzwa Zanzibar hakina kinga ileile aliyonayo abiria wa meli ya kitalii, hata kama bei yake imepanda kana kwamba kinayo. Mnunuzi anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kulipa: tukichelewa boti kwa kosa lenu, nani analipa tiketi mpya? Kama jibu ni maneno matupu, basi anachouziwa ni usafiri na chakula tu, na bei ilingane na hivyo.

Mkulima wa Kanda ya Ziwa anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Mnunuzi anayefuata choroko shambani hulipa kidogo kwa kilo, lakini anabeba gharama ya gari, magunia na hatari ya bei kushuka njiani. Mkulima hukubali bei hiyo kwa sababu hatari imemtoka mikononi. Kama mnunuzi angetoa bei ndogo halafu bado akamwachia mkulima gharama ya gari, hakuna ambaye angekubali. Matembezi ya pwani yapimwe kwa mizani hiyohiyo.

Hesabu ya kikundi cha watu 20

Chukua mfano wa kikundi cha watu 20 kutoka Shinyanga wanaotaka siku moja ya kwenda kutazama matumbawe. Bei zifuatazo ni za mfano tu, kila kikundi kiweke zake.

Kifurushi ni Sh75,000 kwa mtu, sawa na Sh1,500,000 kwa kikundi. Wakijipangia wenyewe, kwa daladala, boti ya kukodi, miwani na chakula cha kununua kijijini, ni Sh60,000 kwa mtu, sawa na Sh1,200,000. Tofauti ni Sh300,000.

Sasa wachukulie kwamba wamepanga matembezi hayo siku ya mwisho, asubuhi baharini na jioni kupanda boti ya kurudi Dar es Salaam ili wawahi basi la alfajiri. Wakichelewa boti, kila mmoja hupoteza tiketi ya boti Sh35,000, hulipa malazi na chakula Sh25,000, na hupoteza tiketi ya basi Sh60,000. Jumla ni Sh120,000 kwa mtu, au Sh2,400,000 kwa kikundi.

Gawa Sh2,400,000 kwa Sh300,000, utapata 8. Maana yake ni hii: kama uwezekano wa kuchelewa kwa kujipangia ni zaidi ya mara moja katika safari 8, basi kifurushi ni nafuu kuliko kujipangia, mradi muuzaji ameandika na kusaini kwamba atalipa hasara ikitokea. Kama uwezekano ni mdogo kuliko huo, kujipangia ndiko kunakolipa. Hapo bado haijahesabiwa hasara ya duka lililofungwa siku moja zaidi wala vibarua walioachwa shambani bila msimamizi.

Lakini ipo njia ya tatu, nayo ndiyo bora kuliko zote. Kikundi kihamishe matembezi kutoka siku ya mwisho kwenda siku ya katikati. Wakichelewa siku hiyo, hasara ni chakula cha jioni kupoa. Hatari ya Sh2,400,000 inaondoka bila kulipiwa hata senti moja, na Sh300,000 zinabaki mfukoni. Siku ya mwisho ibaki ya mjini: kununua zawadi, kupita masokoni, kufika bandarini mapema.

Kwa mwenye siku moja tu Unguja, ambaye hana siku ya katikati, ushauri unageuka. Achague kitu kilicho karibu na bandari. Kisiwa cha Changuu, chenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli, kiko mbele ya Mji Mkongwe na hufikiwa kwa boti ndogo. Nungwi iko takriban kilomita 60 kutoka mjini, na foleni au pancha moja inatosha kuvuruga siku.

Bahari si ziwa

Mtu aliyekulia Geita, Nkome au Chato anaweza kuona kwamba maji ni maji. Si kweli. Ziwa Victoria halikupwi wala kujaa kwa namna ya kuonekana. Bahari ya Hindi hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Zanzibar, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kufikia mita 3 hadi 4. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jambo ambalo mkulima aliyezoea kuangalia mwezi halimpi shida.

Hili lina maana ya fedha. Katika fukwe za mashariki kama Paje na Jambiani, maji yakitoka hurudi mbali sana, na aliyelipa nauli ya kwenda kuogelea mchana anaweza kukuta mchanga na mashamba ya mwani. Boti nayo huweza kushindwa kuondoka hadi maji yajae, hata kama dereva wa gari anasubiri. Kujipangia bila kuuliza saa za maji ni sawa na kupanda mahindi bila kuuliza mvua. Ulizia kwa wavuvi wenyewe siku moja kabla.

Pia kuna upepo. Fedha za pamba na mpunga hupatikana zaidi katikati ya mwaka, na huo ndio wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Upande wa mashariki wa Unguja huwa na mawimbi zaidi wakati huo, wakati Nungwi na Kendwa, kaskazini magharibi, huwa na kinga zaidi. Kaskazi, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, hubadilisha hali hiyo.

Jambo la tatu ni kuogelea kwenyewe. Wakazi wengi wa bara hawajui kuogelea, na si aibu kusema hivyo. Kutazama matumbawe hakuhitaji kuzama chini. Mtu aliyevaa boya la kifuani, miwani na mrija huelea juu na kutazama samaki, akiwa ameshikwa mkono na mwongozaji. Asiyejua kuogelea asikubali kabisa kushuka bila boya, hata akichekwa. Wala asisimame juu ya matumbawe: ni viumbe hai, huvunjika na hukata miguu, na ndiyo nyumba ya samaki wanaowalisha wavuvi.

Kodi boti kwa macho yaliyo wazi

Kujipangia kuna ladha yake. Fedha nyingi humfikia moja kwa moja mwenye boti, anayekaanga pweza na kijana wa kukodisha miwani. Lakini ufukweni wapo pia mapapasi, vijana wanaowadaka wageni na kuwapeleka kwa wauzaji kwa kamisheni. Wengine ni waungwana na husaidia kweli. Hata hivyo, mgeni akumbuke kwamba kamisheni hiyo imo ndani ya bei yake, na kwamba anayezungumza naye si lazima awe nahodha.

Mwenye kikundi azungumze na nahodha mwenyewe. Aulize boti imesajiliwa kubeba watu wangapi, ahesabu maboya kabla ya watu kupanda, na akubaliane saa ya kurudi, si saa ya kuondoka pekee. Alipe nusu kwanza na nusu wakirudi. Bei ya kwenda eneo la Mnemba iulizwe kama imejumuisha ada ya uhifadhi, na ieleweke kwamba kisiwa chenyewe ni hoteli ya binafsi: boti huishia kwenye matumbawe ya jirani.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kukumbushwa kwa nini idadi ya abiria ni suala la uhai. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilijengwa kubeba abiria takriban 100, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Miaka 22 kabla ya hapo, Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia. Huko Zanzibar nako, MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 ziliacha misiba mikubwa. Boti ya bei nafuu iliyojaa kupita kiasi si nafuu. Kikundi kikiambiwa "sogeeni kidogo, wawili bado wanaingia", jibu sahihi ni kushuka.

Kwa upande wa Tanzania Bara, ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Zanzibar uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kampuni za kuongoza watalii nazo hutakiwa kuwa na leseni. Kuomba kuona cheti au leseni si ugomvi. Mwenye nacho hukitoa.

Nafuu zaidi: Mbudya au Rubondo

Si lazima kufika Unguja ili kuona matumbawe. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, mbele ya Dar es Salaam, ni hifadhi ndogo za bahari. Mbudya hufikiwa kwa boti kutoka Kunduchi. Mtu aliyekwenda Kariakoo kununua bidhaa za duka anaweza kutumia siku moja huko bila tiketi ya boti ya Zanzibar wala malazi ya ziada. Kwa wanaopenda safari ndefu, Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyedhuru watu, huonekana huko hasa kati ya Oktoba na Machi.

Na walio Geita wana kitu karibu zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, ina sokwe waliotokana na wale walioletwa kisiwani miaka ya 1960, pamoja na tembo, twiga, ndege na sangara. Hapa hakuna kuvaa miwani na mrija. Ziwa lina mamba na viboko, na katika maeneo mengi ya mwambao kuna hatari ya kichocho. Lakini kwa matembezi ya boti, hesabu yake ni rahisi: boti ya hifadhi na ratiba ya hifadhi ziko mikononi mwa mtu mmoja. Aliyekuuzia ndiye aliyeshika saa. Daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita, hivyo hata kikundi cha kutoka Shinyanga kinaweza kupanga safari hiyo bila hofu ya zamani ya kulala Busisi.

Upande wa pili wa meza

Mfanyabiashara mdogo asiishie kuwa mnunuzi. Aangalie pia namna pwani inavyouza. Mwenye boti Nungwi anauza muda, usalama na hadithi ya kwao, na anayefanikiwa ni yule anayerudisha wageni kwa saa aliyoahidi. Mwenye boti wa Nkome au mwenye nyumba ya wageni Chato anaweza kuuza vilevile. Mgeni aliyepelekwa na kampuni kubwa hula hotelini, na aliyejipangia hula kwa mama lishe. Anayetaka mgeni huyo wa pili ampe kile anachokikosa: bei iliyoandikwa ukutani, maboya ya kutosha na saa isiyovunjwa.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanalijua hili kupitia soko la dhahabu lililofunguliwa mjini hapo Machi 2019. Kabla yake, muuzaji alimfuata mnunuzi kwa kificho na kwa mizani asiyoiamini. Kuweka wanunuzi, mizani na tozo mahali pamoja kulimpa muuzaji bei ya kulinganisha. Vikundi vya wenye boti vikikubaliana bei na zamu, navyo vitapunguza nguvu ya wanaowadaka wageni njiani.

Vilevile, safari ya kujipangia humpa mkulima nafasi ambayo kifurushi hakitoi. Zanzibar hununua chakula kingi kutoka bara. Mwenye mpunga wa Kahama au Shinyanga akitenga asubuhi moja ya kuzunguka masoko ya mjini Unguja, akauliza bei ya mchele kwa kilo, aina inayopendwa na nani analeta, huenda akarudi na namba ya simu ya mteja, kitu chenye thamani kuliko picha za baharini.

Kabla ya kuondoka

Kikundi kiandike mambo haya kwenye daftari moja, mbele ya wanachama wote. Kwanza, tofauti ya bei kati ya kifurushi na kujipangia, kwa jumla ya watu. Pili, hasara kamili ya kuchelewa kurudi, ikiwa ni pamoja na tiketi, malazi na siku za kazi. Tatu, siku ya matembezi, ambayo isiwe ya mwisho. Nne, saa za maji kujaa na kupwa kwa siku hiyo. Tano, jina la mtu mmoja atakayeshika tiketi na vitambulisho, kwa kuwa boti za Zanzibar huhitaji kitambulisho.

Mwisho, kiweke akiba ya dharura isiyoguswa, angalau nauli ya kila mtu kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani. Safari ni takriban kilomita 1,000 hadi Shinyanga, hata kwa anayepunguza uchovu kwa kupanda treni ya SGR hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria Julai 2024, kisha basi. Umbali huo haukopeshwi na mtu usiyemjua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo hutajwa zaidi dukani na ghalani, lakini unafaa pia ufukweni. Anayejua saa yake na hesabu yake anaweza kununua kifurushi bila kuibiwa, au kujipangia bila kuachwa. Asiyejua ataumia kwa njia zote mbili, na msimu ujao wa kulima utamkuta akilipa deni la maji ya chumvi.